Wamesoma Wengi, Wamejibu Wanane

“Wapendwa, mwenye kumjua wakala mwaminifu wa kusafirisha gari hadi Dar, naomba namba yake.” Ni nadra wiki kupita bila ujumbe wa namna hiyo kuingia katika makundi ya WhatsApp ya Watanzania walioko Uingereza, Ujerumani au Marekani. Kundi lina watu mia mbili na ushee. Saa nne baadaye zaidi ya nusu yao wameshausoma, mmoja ametuma kidole gumba, wengine saba wameandika kwamba nao wanasubiri jibu. Anayelitazama kundi kwa nje atasema watu hawa hawasaidiani. Simu ya aliyeuliza inasema mengine. Watu watatu wamemfuata inbox, mmojammoja: wa kwanza kampa namba, wa pili kamwonya asimguse wakala fulani maana kontena lilikaa bandarini miezi, wa tatu kampigia kabisa akamweleza habari za ushuru.

Jibu lilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kulitoa hadharani, na sababu haimfichiki anayewajua wahusika. Ukimsifia wakala mbele ya watu mia mbili kisha gari likapotea, lawama ni yako. Ukimsema vibaya, huenda shemeji yake yumo humohumo kundini.

Kwa kawaida kimya cha watu wa ughaibuni hufasiriwa kwa lawama: wamekuwa wabinafsi, wana majivuno, majuu kumewabadilisha. Tafsiri hiyo ni nyepesi mno. Kimya hiki hutokana zaidi na hesabu ambayo kila mwanakundi huipiga kabla kidole hakijagusa herufi: nani mwingine yumo, na neno langu litafika wapi? Kwa mtu aliye kwao, kukosea hesabu hiyo ni aibu ya siku mbili. Kwa aliye ugenini kunaweza kugharimu kazi, ndoa au makaratasi.

Kwamba wengi husoma na wachache huandika ni jambo lililopimwa tangu intaneti ikiwa changa. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark anayechunguza namna watu wanavyotumia tovuti, alieleza kanuni inayonukuliwa hadi leo: katika kila watu 100 wa jumuiya ya mtandaoni, 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Kabla yake, mwaka 2000, Blair Nonnecke na Jenny Preece waliwahesabu wanyamavu katika orodha za barua pepe zaidi ya mia moja, wakakuta tofauti kubwa. Kwenye orodha za wenye maradhi, wasioandika walikuwa chini kidogo ya nusu. Kwenye orodha za msaada wa programu za kompyuta walikuwa asilimia 82. Mwenye maumivu huongea. Anayetaka kujua kwa nini mashine imekwama huchukua jibu akaenda zake.

Mwaka 2004 watafiti hao, wakiwa na Dorine Andrews, waliwauliza wanyamavu wenyewe. Zaidi ya nusu walisema kusoma kunawatosha. Wengine walikuwa bado wanalisoma kundi kabla ya kujitosa. Wapo walioona kwamba kutoandika ndiyo njia yao ya kusaidia. Wachache programu iliwashinda, na wachache wengine hawakupenda mwenendo wa waliokuwemo. Vijana wa Dar huita kusoma kwa namna hiyo kupiga chabo, neno lenye harufu ya uhuni, kana kwamba asomaye bila kuandika ameiba kitu. Majibu ya mwaka 2004 hayaonyeshi mwizi. Yanaonyesha mtu anayesikiliza.

Ila namba hizo zilitoka kwa watu ambao wengi wao hawakujuana, waliokutanishwa na maradhi au kompyuta. Kundi la Wakenya wa Dallas au la Wazanzibari wa London lina watu waliosoma pamoja, waliooana na kuachana, waliokopeshana, waliosali msikiti mmoja au kanisa moja. Kanuni ya Nielsen inatabiri vizuri ni wangapi watanyamaza humo. Haielezi ni nini kinachowanyamazisha.

Ajabu ni kwamba watu wa ughaibuni hawakuanza mtandaoni kwa kunyamaza. Walianza kwa kelele. Waeritrea walioko Marekani walianzisha Dehai mwaka 1992, mwaka mmoja kabla nchi yao haijatambuliwa kuwa huru, wakabishana humo kuhusu katiba na baadaye vita. Wakenya walikuwa na Mashada, jukwaa la David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani. Kwa Watanzania, Ndesanjo Macha alianza kublogu kwa Kiswahili mwaka 2004 kupitia Jikomboe, naye akiwa Marekani. Mwaka uliofuata alimsaidia mpigapicha Muhidin Issa Michuzi kufungua blogu yake walipokutana Helsinki. Mwaka 2006 ikaja JamboForums, ambayo leo ni JamiiForums.

Waliokuwa nje ya nchi miaka ile wanakumbuka uhondo wake. Michuzi aliitwa Ankal, wasomaji wake wakaitwa wadau. Kulikuwa na wadau wa Ukerewe, yaani Uingereza, na wadau wa Unyamwezini, yaani Marekani, na ubishi wa nani ana maisha bora, aliyebaki Bongo au anayebeba boksi majuu, haukuisha. Picha moja ya harusi ilitosha kuzua maoni ya siku nzima. Karibu wote waliandika bila kujitaja, na aliyetuma barua ndefu aliiambatanisha na ombi la kubaniwa jina.

Pazia hilo la kutojitaja lilikuwa na gharama yake. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, matusi ya kikabila yalifurika Mashada. Januari 2008 Kobia alilifunga jukwaa lake na mahali pake akafungua tovuti iliyowaalika Wakenya kutamka kwamba hawana kabila. Muda si mrefu akawa miongoni mwa waliojenga Ushahidi, mfumo uliokusanya taarifa za machafuko yaliyofuata uchaguzi huo. Lilikuwa tukio zito: mtu kuzima kwa mkono wake mwenyewe mahali alipopajenga kwa miaka, kwa sababu waliokuwa wakizungumza walikuwa wanauana kwa maneno.

Kisha WhatsApp ikaja na ikabadilisha kila kitu bila mtu kutangaza. Namba ya simu ndiyo jina. Ukiandika, wote kundini wanaweza kuona kwamba wewe ni +44 au +968, na kwa kuwa namba hiyo wanayo dada yako, bosi wako wa zamani na mama mwenye nyumba, umeandika ukiwa na uso. Kundi lenyewe likawa linapanuka: watu 100, kisha 256 mwaka 2016, kisha 512 na 1,024 ndani ya mwaka 2022. Kundi la ndugu kumi na wawili waliokutana kwenye futari moja Leicester likageuka mkutano wa hadhara, huku mazungumzo yakiendelea kuitwa ya kifamilia.

Hapa baraza la Uswahilini linafundisha kitu. Anayeketi barazani huona nani yupo. Mzee akipita, mada hubadilika. Mtoto akikaribia, sauti hushuka. Mhusika mwenyewe akitokea kona ya nyumba, watu huanza kuzungumzia bei ya samaki. Adabu ya mazungumzo ya pwani imejengwa juu ya macho. Kundini hakuna macho. Mtu aliyejiunga mwaka 2017 na hajasema neno tangu hapo yumo bado, na huenda ni ofisa wa ubalozi, huenda ni mtalaka wa anayeongea, huenda ni simu aliyoachiwa mtoto. Kwa kuwa hajui yupi ni yupi, mwenye busara huchagua maneno yanayofaa kusikiwa na wote kwa pamoja. Maneno ya namna hiyo ni machache: heri ya sikukuu, pole, hongera, amina.

Elisabeth Noelle-Neumann, mtafiti wa Ujerumani, aliandika mwaka 1974 kwamba watu hunusa upepo wa maoni kabla ya kusema, na anayehisi yuko upande wa wachache hunyamaza, jambo linalofanya upande huo uonekane mdogo zaidi ya ulivyo. Miaka 40 baadaye kituo cha Pew cha Marekani kilijaribu jambo hilo kwa mitandao ya kijamii. Kiliwauliza watu wazima 1,801 kuhusu siri za upelelezi zilizofichuliwa na Edward Snowden. Asilimia 86 walikuwa tayari kulizungumza suala hilo ana kwa ana. Kati ya watumiaji wa Facebook na Twitter, waliokuwa tayari kuliandikia huko walikuwa asilimia 42 tu. Na wengi wa hao walikuwa wenyeji wa nchi wanayoishi, wakizungumzia habari ambayo tayari ilikuwa kwenye kila gazeti.

Kwa mhamiaji kuna la ziada, nalo linaitwa makaratasi.

Si kila aliyeko kundini anaishi kwa jina alilozaliwa nalo. Katika Kiswahili cha Watanzania wa Ulaya lipo neno kujilipua, yaani kuomba ukimbizi, na mara nyingine kwa kujieleza kuwa mtu wa nchi jirani yenye vita. Aliyejilipua miaka ishirini iliyopita huenda leo ana nyumba, watoto waliomaliza chuo, na kazi ya kuheshimika. Ila kwenye barua zake za serikali yeye ni mtu wa Burundi au Somalia. Kundini mwa watu wa Tanga atasoma kila kitu, atacheka peke yake na simu, na hataandika. Mwenye kumlaumu kwa kutochangamka hajui anamwomba kitu gani.

Wapo wengine ambao kosa lao ni dogo zaidi lakini hofu ni ileile. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia mwingine akabaki Mtanzania, tofauti na Kenya, ambako Katiba ya 2010 iliruhusu uraia pacha. Ndiyo maana mjadala wa pasipoti unapoanza katika kundi la Wakenya huwa mrefu na wenye maelekezo: fomu ipi, ada ngapi, nani wa kumwona. Katika kundi la Watanzania mjadala uleule hugeuka wa kisiasa na wa jumla, “serikali ituangalie”, na walioshika pasipoti nyekundu au ya bluu ya ugenini hukaa pembeni. Wanajua jibu la kila swali linaloulizwa. Kujibu ni kukiri.

Mwanafunzi aliyeko Marekani kwa viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi chuoni kwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Akitafuta zamu ya ziada mjini hawezi kuliuliza jambo hilo mbele ya watu 300. Tangu 2019 mwombaji wa viza ya nchi hiyo anatakiwa kutaja akaunti zake za mitandao ya kijamii za miaka mitano, na Juni 2025 waombaji wa viza za masomo walitakiwa waziache wazi ili zisomwe. Uingereza nako, mhudumu wa wazee aliyeletwa kwa viza ya kazi amefungwa kwa mwajiri mmoja. Udhamini ukikatwa, kwa kawaida ana siku 60 za kupata mwingine au kuondoka. Machi 2024 wahudumu wapya walizuiwa hata kuja na wenza na watoto wao. Mtu wa namna hiyo akinyimwa mshahara wa zamu tatu, kundi ndilo mahali pa kwanza pa kulalamikia, na ni mahali pa mwisho atakapothubutu, kwa kuwa aliyemtafutia kazi naye ni mwanakundi, tena huwa wa kwanza kutuma aya za asubuhi.

Sheria za nyumbani nazo zina mkono mrefu. Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa baada ya mvutano na polisi waliotaka taarifa za watumiaji wa jukwaa hilo. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu na majukwaa kulipia leseni kwa mamilioni ya shilingi. Kenya ilipitisha sheria yake ya makosa ya mtandao mwaka huohuo. Aliyeko Toronto haguswi moja kwa moja, lakini Desemba atapanda ndege kwenda kuwaona wazazi, na picha ya skrini haiishi muda.

Kwa Wanyarwanda hofu hiyo ilipata ushahidi. Mwaka 2019 WhatsApp iliishtaki kampuni ya NSO ya Israel ikidai kwamba programu yake ya upelelezi ilielekezwa kwenye simu za watu wapatao 1,400, na wapinzani wa serikali ya Rwanda wanaoishi nje walitajwa na magazeti kuwa miongoni mwao. Baada ya habari kama hiyo, kumwambia mtu wa Brussels kwamba kundi ni la watu wetu tu ni kumwomba aamini jambo ambalo simu yake yenyewe haimhakikishii.

Ghuba ndiko bei ya neno moja ilikoonekana waziwazi. Malcolm Bidali, mlinzi kutoka Kenya aliyekuwa akifanya kazi Qatar, aliandika makala kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji wenzake: vyumba walivyolala, saa walizosimama, namna walivyozungumzwa. Hakutumia jina lake, alijiita Noah. Usiku wa tarehe 4 Mei 2021 alichukuliwa kutoka alikokuwa akiishi, akawekwa kizuizini peke yake kwa wiki kadhaa, na Julai akatozwa faini ya riali 25,000 kwa kuchapisha kile kilichoitwa habari za uongo. Agosti aliondoka nchini humo. Kila mlinzi na kila dada wa kazi aliyesikia habari hiyo alijifunza kwamba hata jina la kubuni lina mwisho wake.

Hata hivyo wafanyakazi wa Ghuba hawajanyamaza, wamebadili njia. Falme za Kiarabu na Oman zimefungia simu za WhatsApp kwa muda mrefu, ila ujumbe wa sauti unapita. Dada wa kazi anayeruhusiwa simu saa moja usiku hurekodi sekunde arobaini kwa kunong'ona, akamtumia mtu mmoja anayemwamini, kisha akafuta. Ni ushiriki pia, ingawa hauingii katika takwimu yoyote ya kundi.

Sauti imefungua mlango kwa wengine ambao uandishi uliwafungia. Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliohamishiwa Marekani kutoka kambi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa Kigoma mwaka 1996, ni wengi: katika mwaka wa bajeti wa 2019 karibu 13,000 kati ya wakimbizi 30,000 waliopokewa na nchi hiyo walitoka Kongo. Wapo miongoni mwao wazee ambao shule iliwapita kwa sababu ya vita. Makundi yao ya kanisa na ya ukoo hayasomwi, husikilizwa. Mama aliyeonekana mnyamavu kwa miezi katika kundi la maandishi, akihamishiwa kwenye kundi la sauti, huongoza maombi ya dakika sita. Hapo hapakuwa na kimya cha hofu wala cha dharau. Kalamu ndiyo iliyokosekana.

Basi hawa wachache wanaoandika kila siku ni akina nani, na kwa nini mzigo wa hofu hauwalemei?

Baadhi yao hawana cha kupoteza tena: makaratasi yametulia, watoto wamekua, deni la nyumba limekaribia kuisha. Wengine wanakitafuta kile walichokipoteza uwanja wa ndege. Mwalimu mkuu aliyeheshimiwa Iringa, ambaye sasa anapanga bidhaa kwenye ghala la Ohio usiku kucha, hupata kundini cheo ambacho ghala halimpi: humo ni Mwalimu, ni Mwenyekiti, ni mtu ambaye salamu yake hujibiwa kwa “shikamoo”. Kumcheka ni ukatili. Binadamu hawezi kuishi miaka kumi bila mtu wa kumtambua. Saa nazo zina lao. Anayemaliza zamu saa kumi alfajiri hana wa kuzungumza naye isipokuwa walioamka Dodoma, na mengi ya yale ambayo wenzake huyaona asubuhi kama porojo ni upweke ulioandikwa.

Wapo pia wanaolipa fadhila. Aliyepokewa uwanjani na mtu asiyemjua, akapewa koti na godoro, hutafuta wa kumrudishia, na kwa kuwa aliyempokea hahitaji godoro, humrudishia mgeni anayefuata. Hawa ndio wanaojibu maswali yaleyale kila Septemba: benki ipi hufungua akaunti bila bili ya umeme, sembe inauzwa wapi, daktari wa watoto anasajiliwaje. Ukiona swali limejibiwa kwa mpangilio na kwa upole kwa mara ya hamsini, mara nyingi nyuma yake kuna godoro.

Wanawake wengi wameyatoka makundi ya jumla na kujenga yao. Katika kundi la wote, swali la uzazi au la mume mkali huvuta mzaha wa wanaume wawili watatu, na mzaha mmoja hutosha kufunga midomo arobaini. Katika kundi la akina mama pekee, au katika chama cha Wakenya ambako kila mmoja huchanga na kupokea kwa zamu, watu hao hao walioitwa wapole huandika kurasa. Tofauti ni ukubwa wa chumba na uhakika wa waliomo. Vyumba vidogo vina watu wanaoweza kuitana mashahidi.

Halafu kuna neno moja linaloliamsha kundi lolote, kubwa au dogo, nalo huandikwa kwa herufi kubwa: TANZIA.

Ndani ya saa moja waliokuwa kimya kwa mwaka huandika. Pole hufuatana kwa mamia. Mtu huchaguliwa kuwa mweka hazina, namba ya akaunti hutumwa, na orodha huanza kutembea: kila anayetoa huinakili, huongeza jina lake na kiasi, huirudisha kundini. Chama cha kufa na kuzikana, ambacho mababu walikiendesha kwa daftari na kopo la bati, kimehamia humo karibu bila kubadilika. Kusafirisha mwili kutoka Marekani hadi Moshi au Kisumu hugharimu maelfu ya dola, na familia moja haimudu. Fedha ambazo Wakenya walioko nje walituma nyumbani mwaka 2024 zilifikia dola bilioni 4.94, lakini hakuna anayezihesabu zile zilizozunguka ng'ambo kwa ng'ambo ili mtu akazikwe kwao.

Orodha hiyo ndiyo kipimo halisi cha kundi, na ukiisoma kwa makini inashangaza. Waandishi wa kila siku wamo, ila kwa sehemu kubwa wanaobeba ni majina ambayo wengi hawakujua kwamba yamo kundini. Mtu ambaye hajawahi kusema “habari za asubuhi” ametoa pauni mia. Wakati huohuo orodha hunyamazisha pia. Ikianza kwa mia, mia, mia hamsini, mwanafunzi mwenye pauni kumi huona haya kuweka kumi yake chini ya hizo, na msiba unaofuata hafungui ujumbe kabisa. Makundi yaliyoligundua hili huandika majina bila viasi, na waweka hazina wengi husema, hata kabla ya kuulizwa, kwamba hata dua ni mchango. Ni jambo dogo linalofanya kazi kubwa.

Albert Hirschman, mwanauchumi aliyeikimbia Berlin mwaka 1933 na kuishia Marekani, aliandika mwaka 1970 kitabu kuhusu mambo ambayo mtu anaweza kufanya chombo chake kinapoharibika: kutoka, kupaza sauti, au kuvumilia kwa utii. Kundi la WhatsApp liliufanya mlango wa kutoka uwe na kengele. Hadi Agosti 2022, kila aliyejitoa alitangazwa kwa wote, na maana ya tangazo hilo kwa watu wa nyumbani ilikuwa moja tu: kasusa. Mtu angewezaje kulisusa kundi la kuzikana? Akabaki, akazima mlio. Kwanza uliweza kuuzima kwa saa nane, wiki au mwaka; Oktoba 2020 ikawezekana kuuzima moja kwa moja. Sasa mtu akijitoa hujulishwa wasimamizi tu, lakini desturi ya kubaki bila kusikia imeshakomaa. Yumo, na hayumo.

Wasimamizi wengine hukasirika na kufanya kinachoitwa kusafisha kundi: tangazo la siku tatu, kisha wasioandika wanatolewa. Ni kosa, na mara nyingi madhara yake huonekana kwenye tanzia inayofuata, orodha inapofupika. Waliotolewa ndio wale wenye kazi mbili, wenye siri ya makaratasi, wageni wasiojua bado Kiswahili cha mzaha wa kundi, na mama ambaye husoma tangazo la chanjo kisha akawapigia shoga zake sita wasio na intaneti ya kudumu. Kwa hesabu ya ujumbe uliotumwa, mama huyo ni sifuri.

Njia inayoonekana kufaa imejitokeza yenyewe, bila mtaalamu. Msimamizi mwenye kuaminiwa hupokea swali inbox, hulinakili, hulituma kwa wote: “Kuna mdau ameniomba niulize.” Facebook nayo imeruhusu makundi yake kupokea maswali yasiyoonyesha jina la muulizaji, ambalo wasimamizi pekee ndio wanaoliona. Ombi lile la zamani kwa Ankal la kubaniwa jina limerudi kwa mlango mwingine, ila safari hii kuna mtu mmoja anayemjua mwenye swali, anayeweza kukataa tusi lisipite, na anayeweza kumpigia usiku swali linapotisha.

Maswali yanayopita kwa njia hiyo hayahusu mawakala wa magari. Mdau anauliza, mwajiri akishika pasipoti yako unaenda wapi. Mdau anauliza, ukimripoti mume anayepiga, viza inayotegemea ndoa inakuwaje. Mdau ana mtoto wa miaka kumi na tisa ambaye hatoki chumbani tangu Januari. Na chini ya maswali hayo huandika watu ambao kundi halijawahi kuwasikia: muuguzi wa Manchester, mkalimani wa mahakama wa Columbus, mama mmoja ambaye ujumbe wake wa kwanza tangu ajiunge ni namba ya simu na maneno mawili, “nipigie, mwanangu.”